Rangi ya Bampa Iliyochubuka: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Hadi Ilingane na Gari

Picha ninazotumiwa na wasomaji zinafanana. Bampa limepulizwa rangi, kwenye kivuli cha mwembe linang'aa, mwenye gari ameridhika. Likitoka juani, fenda ni rangi moja na bampa ni nyingine. Au baada ya mwezi rangi inabanduka kipande kizima ukiosha gari kwa maji ya presha. Au pale palipokuwa na mkwaruzo pamebaki alama ya duara inayoonekana ukisimama pembeni.

Makosa hayo matatu yana vyanzo vitatu tofauti. Kubanduka kunatokana na plastiki ambayo haikuandaliwa. Alama ya duara inatokana na kingo za rangi ya zamani ambazo hazikusagwa vya kutosha. Na rangi isiyolingana, ambayo ndiyo inayowakatisha watu tamaa kuliko zote, inatokana na kuamini namba ya rangi bila kuijaribu kwanza mahali pengine. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kulinganisha rangi, kabla bampa halijaguswa na msasa. Ukigundua rangi si yenyewe wakati bampa bado zima, unarudi dukani tu. Ukigundua baada ya kupuliza, umepoteza pesa na kazi yote.

## Kwanza hakikisha kweli linahitaji rangi

Mwagia maji sehemu iliyokwaruzika. Mkwaruzo ukipotea maji yakiwa juu yake na kurudi pakikauka, umeishia kwenye klia, yaani lile tabaka la juu linaloleta mng'ao. Hapo unahitaji kampaundi, yaani dawa nzito ya kusugulia rangi, na polishi tu.

Pitisha ukucha. Ukinasa, mkwaruzo ni wa kina. Ukiona kijivu au cheupe ndani yake, umefika kwenye praima, yaani tabaka la msingi chini ya rangi. Ukiona nyeusi iliyofifia, hiyo ni plastiki yenyewe.

Angalia pia kama unachokiona ni rangi ya mwenzako. Bajaji ikikusugua kwenye foleni, au ukigusa nguzo ya geti, mara nyingi rangi yao ndiyo imebaki juu ya bampa lako. Sugua kwa kampaundi kwenye kitambaa laini. Mabampa mengi yanayopelekwa kwa fundi rangi yangepona hapo.

Mambo mawili hayamo kwenye mwongozo huu. Bampa lililopasuka linatakiwa kuunganishwa kwanza kwa kuchomelewa plastiki kwa nyuma, kwa sababu puti, ile dawa ya kujazia mabonde, haishiki ufa, itapasuka tena. Na gari lenye rada nyuma ya bampa, zile zinazotoa onyo la gari lililo pembeni, lisiwekewe puti wala rangi nene mbele ya rada. Mawimbi yanazuiwa na onyo linaweza kukosea.

## Vifaa

Nunua vyote kabla ya kuanza. Kazi ikisimama katikati, vumbi na jasho la mikono vinaharibu ulichokwisha kuandaa.

- Rangi iliyochanganywa kwa namba ya gari lako. Nusu lita ikiwa tayari kupulizwa inatosha bampa moja na kadi za majaribio. Kwa makopo ya kupulizia, hesabu mawili ya rangi na mawili ya klia.
- Klia ya sehemu mbili pamoja na hadina yake, yaani kemikali ya kuigandisha. Klia isiyo na hadina inalainika ikidondokewa petroli na inafifia mapema juani.
- Praima ya plastiki, ile ya maji maji isiyo na rangi au yenye fedha kidogo.
- Praima ya kujazia ya sehemu mbili.
- Puti ya plastiki inayokunjika. Usikubali puti ya kawaida ya bodi ya chuma.
- Msasa namba 180, 240, 320, 400, 600, 800, 1500, 2000 na 3000, kibao cha kuushikia, na pedi ya kijivu ya kusugulia.
- Dawa ya kuondoa mafuta na nta, vitambaa visivyotoa manyoya, na kitambaa cha kunata cha kuokota vumbi.
- Thina ya aina moja na rangi, ya kukauka polepole kama uko Dar, Mombasa au Tanga.
- Tepu ya karatasi ya mafundi rangi na karatasi za kuzibia. Gazeti moja halitoshi, linapitisha thina, weka mbili.
- Kampaundi, polishi, na pedi za sponji.
- Barakoa yenye vichujio vya kemikali, miwani ya kuziba macho, glavu.

Kuhusu barakoa sitalegeza neno. Hadina ya klia ina isosianati, kemikali inayoweza kukuletea pumu ya kudumu, na kitambaa au barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Vichujio viwe vya mvuke wa kemikali na vipya. Ndevu zinazofanya barakoa isishike uso zinaondoa faida yake yote. Pulizia mahali pa wazi penye hewa, watoto wakiwa mbali, na hakikisha jiko la mkaa la jirani haliko karibu. Mvuke wa thina unashika moto.

## Hatua ya 1: Tafuta namba ya rangi

Toyota nyingi zilizotoka Japani zina kibati ndani ya chumba cha injini, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Matoleo mengine yanacho kwenye nguzo ya mlango. Tafuta mstari ulioandikwa COLOR au C/TR. Alama tatu za mwanzo, ziwe herufi au tarakimu, ni rangi ya nje. Zinazofuata ni za viti na mapambo ya ndani, usizichanganye.

040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi ya kawaida, 1F7 ni fedha yenye chembe za metali, 070 ni nyeupe ya lulu. Nissan huwa na kibati chumba cha injini pia; KH3 ni nyeusi, QX1 ni nyeupe ya lulu. Kwa Honda tazama nguzo ya mlango. Namba zinazoanza na NH ni za jamii ya nyeupe, kijivu na nyeusi, na herufi ya mwisho inakuambia aina: M ni metali, P ni lulu.

Sasa fungua mlango uangalie rangi ya fremu ya ndani, kisha uilinganishe na ya nje. Gari la mtumba huenda lilishapigwa rangi upya kabla halijakufikia. Kama ndani na nje vinatofautiana, kibati hakikusaidii. Utalinganisha kwa sampuli.

Tarajia ugumu kulingana na aina. Rangi tupu, zisizo na metali wala lulu, kama 040 na 202 zinamvumilia anayeanza. Fedha na kijivu cha metali ndizo zinazoumbua watu wengi. Lulu inapigwa kwa tabaka tatu na inahitaji subira. Na kama una Mazda nyekundu yenye namba 46V, mpe fundi mwenye chumba cha kupulizia. Uzito wa nyekundu ile unabadilika kwa kila koti, yaani kila tabaka unalopuliza, na hata mafundi wazoefu inawatoa jasho.

## Hatua ya 2: Safisha utakacholinganisha nacho

Osha fenda iliyo jirani na bampa, kisha ipige kampaundi na polishi eneo la ukubwa wa sahani. Jua la miaka linafifisha klia na kuipa unjano, na vumbi la barabarani linakaa ndani yake. Ukilinganisha rangi mpya na fenda chafu, utachagua rangi ya uchafu. Siku utakayopiga polishi gari zima, bampa litabaki limejitenga.

Fungua pia kifuniko cha nje cha tangi la mafuta kama kinashikwa na skrubu, kipige polishi, na upeleke dukani. Mchanganyaji mzuri anakilinganisha na kadi zake. Kila namba huwa na matoleo kadhaa: yenye unjano zaidi, yenye ubluu zaidi, yenye chembe kubwa zaidi. Kiwandani kwenyewe rangi haitoki sawa mwaka hadi mwaka, na bampa la plastiki mara nyingi linapakwa mbali na bodi ya chuma. Uliza ni toleo gani linalokaribia kifuniko chako, kisha muuzaji apime kwa mizani ya gramu. Akikuchanganyia kwa kukadiria na kijiti, nenda duka lingine.

## Hatua ya 3: Kadi ya majaribio

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufeli. Hata ukichoka, hatua hii usiiruke.

Chukua kipande cha bati tambarare au kadi ngumu, ukubwa wa daftari. Kipige praima ileile utakayotumia kwenye bampa, kwa sababu rangi nyepesi inachukua kivuli cha kilicho chini yake. Praima ikikauka, chora mstari mnene wa kalamu nyeusi ya wino.

Piga koti ya rangi. Subiri ipoteze mng'ao wa unyevu, kama dakika 5 hadi 10. Piga nyingine. Endelea mpaka mstari mweusi usionekane kabisa ukiwa juani, na uhesabu koti. Hiyo ndiyo idadi ya koti unazohitaji. Watu wengi wanaishia koti mbili kwa sababu rangi imeisha, halafu wanashangaa bampa lina kivuli cha kijivu.

Kisha piga klia na uache ikauke. Usihukumu rangi kabla ya klia. Bila klia, rangi imepauka na haina kina. Klia ikipanda, inazama na kukolea.

Toa kadi nje saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, jua likiwa mgongoni kwako. Ishikize kwenye fenda iliyopigwa polishi, igusane nayo. Ukiacha pengo la vidole viwili, jicho linadanganyika. Itazame uso kwa uso, kisha sogea pembeni uitazame kwa mshazari, kisha ipeleke kivulini. Taa za gereji usiziamini. Rangi mbili zinaweza kulingana chini ya tyubu na kuachana juani.

Kwa rangi tupu, kadi ikiwa ya bluu kidogo kuliko fenda, mwambie mchanganyaji asogeze kwenye unjano kwa matone machache, na urudie kadi. Gari jeupe lililokaa juani miaka mingi mara nyingi linataka hivyo.

Kwa rangi ya metali, usikimbilie kubadilisha rangi. Badilisha kwanza mkono wako. Ndani ya rangi hiyo kuna vipande vidogo mno vya alumini, na namna vinavyolala ndiyo inayotengeneza weupe au weusi unaouona. Ukipuliza karibu na kwa unyevu mwingi, vipande vinazama na kujipanga ovyo, rangi inakuwa nzito na nyeusi. Ukipuliza kwa mbali kidogo na kwa ukavu, vinabaki juu vimelala, rangi inakuwa nyeupe zaidi ukiitazama uso kwa uso. Kwa hiyo kadi ikitoka nyeusi: rudi nyuma, ongeza kasi ya mkono, punguza rangi inayotoka, au tumia thina inayokauka haraka kidogo. Ikitoka nyeupe mno: fanya kinyume. Ni kopo lilelile, na nimeona likitoa rangi ambazo mtu angeapa zimetoka kwenye namba mbili.

Kwa lulu, tengeneza kadi yenye ngazi. Piga rangi ya chini, ile nyeupe isiyo na lulu, kadi nzima mpaka ifunike. Piga koti moja ya lulu kadi nzima. Ziba robo ya kadi kwa karatasi, piga koti ya pili kwenye iliyobaki. Ziba robo ya pili, piga ya tatu. Ziba robo ya tatu, piga ya nne. Ondoa karatasi, piga klia yote. Sasa unazo ngazi nne, na mojawapo ndiyo gari lako. Bila kadi hii, kupiga lulu ni kubahatisha.

Nyuma ya kadi andika kila kitu: namba, toleo, kipimo cha thina, umbali, presha, idadi ya koti. Siku ya kupuliza bampa utarudia hayohayo bila kubadilisha hata thina.

Umefaulu ikiwa: ukisimama hatua tatu nyuma, huoni kadi inaanzia wapi na fenda inaishia wapi, uso kwa uso na kwa mshazari. Ikiwa mshazari ndio unaotofautiana kidogo tu, kubali. Kati ya bampa na fenda kuna mwanya, na bampa limepinda, jicho linasamehe.

## Hatua ya 4: Vua bampa

Unaweza kuziba na tepu ukaliacha kwenye gari, lakini ukilivua unafikia kingo zote, na kingo ndiko rangi inakoanza kubanduka. Gari nyingi zina bolti au vibanio juu karibu na boneti, vingine chini, na skrubu ndani ya matao ya tairi. Chomoa waya za taa za ukungu na sensa kabla ya kuvuta. Vibanio vya zamani huvunjika; vipya vinauzwa bei ndogo kwenye maduka ya vipuri, Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, na vyema uwe navyo mapema.

Geuza bampa usome maandishi kwa nyuma. Ukiona PP, au PP ikifuatiwa na herufi nyingine kama EPDM, ni polipropilini, plastiki ambayo rangi haiishiki kwa hiari. Mabampa mengi ya magari ya Japani ni ya jamii hii. Ndiyo maana praima ya plastiki si ya hiari.

## Hatua ya 5: Osha kabla ya msasa

Osha kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, ndani na nje. Suuza, kausha. Kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta: kitambaa kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufuta kabla haijakauka.

Mpangilio huu una sababu. Ukianza na msasa, unasukuma nta na mafuta ndani ya mikwaruzo, na huko hayatoki tena. Adui mkubwa ni silikoni iliyomo kwenye dawa za kung'arisha tairi na dashibodi. Tone moja linatosha kufanya rangi ikimbie na kuacha vitobo vya duara.

Usifute plastiki iliyo wazi kwa thina au petroli. Plastiki inanywa, halafu inatoa mvuke polepole chini ya rangi yako mpya.

Umefaulu ikiwa: maji ukiyamwagia yanatandaa yote kwa pamoja, hayajikusanyi kwenye matone.

## Hatua ya 6: Msasa na kingo

Anza na namba 180 kwenye mkwaruzo wenyewe tu, kisha 240, kisha 320 ukipanua eneo kila mara. Lengo ni kufifisha ukingo wa rangi ya zamani. Ukimaliza utaona miduara: plastiki katikati, kisha praima, kisha rangi, kisha klia, na kila mduara una upana wa angalau kidole kimoja.

Funga macho, pitisha kiganja. Vidole vinahisi ngazi ambayo jicho halioni. Ukihisi chochote, endelea. Ngazi unayoihisi leo ndiyo alama ya duara utakayoiona baada ya klia, kwa sababu mng'ao unaikuza.

Manyoya ya plastiki yakijitokeza, yakate kwa wembe mkali, kisha piga msasa kwa mkono mwepesi. Mashine ya kasi inachemsha plastiki na kuzidisha manyoya.

Sehemu iliyobaki ya bampa, yote, ipige namba 800 kwa maji au pedi ya kijivu mpaka mng'ao uishe. Mifereji na pembe zisisahaulike.

## Hatua ya 7: Puti, kidogo

Safisha vumbi, piga praima ya plastiki koti moja nyembamba pale plastiki ilipo wazi kama maelekezo ya puti yako yanavyotaka, kisha jaza. Hadina ya puti ni takriban asilimia 2 ya uzito. Kwa joto la Pwani una dakika chache tu kabla haijaganda, basi changanya kidogo kidogo. Ukiongeza hadina ili ikauke haraka, rangi yake itapenya juu baadaye na kutia doa.

Ikikauka, sawazisha kwa 180 hadi 320 ukitumia kibao. Vidole vitupu vinachimba mabonde.

## Hatua ya 8: Praima

Futa kwa dawa ya mafuta, pitisha kitambaa cha kunata. Piga praima ya plastiki koti moja au mbili nyembamba kwenye plastiki yote iliyo wazi na kidogo nje ya ukingo. Inatosha ikilowanisha, ikichuruzika umezidisha. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi dakika 10 hadi 15, na usiipige msasa. Muda wa mwisho wa kupaka juu yake pia umeandikwa. Ukiupitisha, rudia.

Kisha praima ya kujazia, koti mbili hadi tatu, kila koti ikienda mbali kidogo kuliko iliyotangulia. Iache ikauke kabisa.

Pulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi juu yake, kisha piga msasa wa maji: 400, halafu 600, kwa rangi ya metali au lulu malizia na 800. Weusi unakuonyesha ukweli. Palipobaki alama nyeusi ni bonde. Palipotoka haraka na plastiki ikaonekana ni mlima. Hapo rudia praima ya plastiki na ya kujazia.

Umefaulu ikiwa: weusi wote umetoka, hujafika kwenye plastiki, na kiganja hakihisi chochote.

## Hatua ya 9: Rangi

Chagua saa. Masika ni msimu mbaya. Unyevu unafanya rangi iwe na weupe wa ukungu. Siku ya kawaida, saa tatu hadi saa tano asubuhi ni nzuri: umande umekauka, jua halijawa kali, na upepo wa bahari haujaanza kubeba mchanga. Fanya kazi kivulini, bampa likiwa limesimamishwa kama linavyokaa kwenye gari. Hili la mwisho lina uzito kwa rangi ya metali, kwa sababu chembe zinalala kulingana na mvutano wa ardhi. Mwaga maji chini kutuliza vumbi.

Chuja rangi. Kwa bunduki ya kupulizia rangi, mdomo wa milimita 1.3 hadi 1.4 na presha ya kama bar 2 vinafaa bunduki nyingi. Umbali ni sentimita 15 hadi 20. Kwa kopo, sentimita 20 hadi 25, na ulitikise dakika mbili kamili baada ya kusikia gololi ikigonga.

Anza kusogeza mkono kabla ya kubonyeza, achia baada ya kupita ukingo. Mkono uende sambamba na bampa. Ukizungusha kifundo, katikati panapata rangi nyingi kuliko pembeni. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia.

Koti ya kwanza iwe nyepesi, usijaribu kufunika. Zinazofuata zifunike. Subiri kila koti ipoteze mng'ao. Kama kidonda kiko katikati ya bampa, tanua kila koti nje kidogo na uiache ifie kabla ya kufika ukingo wa fenda. Rangi ya zamani ikibaki karibu na fenda, hakuna atakayeona tofauti. Kama kidonda kiko kwenye kona inayogusa fenda, piga bampa zima. Na kama ni fedha kwenye kona na kadi haikulingana vizuri, kazi hiyo inahitaji kufifisha rangi hadi ndani ya fenda yenyewe. Mpe fundi, lakini nenda na kadi yako.

Kwa metali, koti ya mwisho ni nyepesi, kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30, mkono ukipishana njia panda. Inasawazisha mawingu na mistari.

## Hatua ya 10: Klia

Subiri rangi ikauke, dakika 20 hadi 30 au kama kopo linavyosema. Changanya klia na hadina kwa kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi mbili kwa moja, kwa kikombe chenye alama. Kopo la kupulizia lenye hadina ndani, ukishalitoboa, litumie siku hiyohiyo.

Koti ya kwanza ya wastani. Subiri dakika 10. Koti ya pili iwe nzito, yenye unyevu unaotandaa wenyewe. Tazama kwa mshazari dhidi ya mwanga: ukiona uso unafunga na kung'aa nyuma ya mkono wako, kasi ni sahihi.

Klia ipige bampa zima, ukingo hadi ukingo. Ukiikatiza katikati, ule mpaka utaanza kubanduka hata ukiupiga polishi vizuri leo.

Mdudu akitua, mwache. Atatoka kwa msasa baadaye. Ukimkimbilia kwa kidole utaharibu eneo la kiganja kizima.

## Hatua ya 11: Msasa wa maji na polishi

Baada ya angalau saa 24, piga 1500 kwa maji yenye tone la sabuni palipo na vumbi au mchuruziko tu, kisha 2000, kisha 3000. Kwenye kingo na mistari ya bampa usipite. Klia ni nyembamba huko. Futa maji uangalie mara kwa mara. Maji ya msasa yakianza kuwa na rangi ya gari, umepita klia, simama.

Kampaundi, kisha polishi, kwa pedi safi.

## Palipoharibika

Uso wa ganda la chungwa: klia ilikuwa kavu au nzito mno, au ulipuliza kwa mbali. Kama ni kidogo, msasa wa 1500 unaumaliza.

Vitobo vya duara: mafuta au silikoni. Usiongeze rangi juu yake. Acha ikauke, piga msasa, osha upya, rudia.

Rangi kukunjamana: umepaka thina kali juu ya rangi ya kopo la bei rahisi iliyokuwepo. Ondoa yote hadi palipo imara.

Mawingu kwenye fedha: koti ya mwisho haikusawazishwa. Kabla ya klia, koti moja nyepesi ya mbali inatibu. Baada ya klia, ni kurudia rangi.

Mchuruziko: usiuguse ukiwa mbichi. Siku ya pili, wembe na msasa kwenye kibao kidogo.

## Kurudisha na kutunza

Rudisha bampa siku inayofuata, ukifunika fenda kwa tepu ili pembe isiikwaruze. Usioshe gari kwa presha kwa wiki moja, na usipake nta kwa mwezi. Thina iliyobaki ndani inahitaji kutoka. Kinyesi cha ndege kiondoe kwa maji mara tu ukikiona, kwa sababu klia changa inaungua haraka.

Rangi iliyobaki, ile isiyo na hadina, itie kwenye chupa ya kioo iliyojaa hadi juu, ifunge, ibandike namba ya rangi, na uihifadhi kabatini pamoja na kadi.